Siku ya Tatu

Jumatatu. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kigoma ameteremka bandarini kabla ya jua na magunia yake ya chumvi ya Uvinza, tayari kwa boti ya Baraka. Boti ipo, lakini haina nahodha wala abiria. Aliambiwa kwa simu kwamba inaondoka "siku ya tatu", akaelewa Jumatatu. Huku Kalundu, upande wa Kongo, Jumatatu ndiyo siku ya kwanza. Siku ya tatu ni Jumatano. Kwao Kigoma hesabu huanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya Waislamu. Kila mmoja alikuwa na uhakika na hesabu yake, ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Tumeyafunika magunia kwa turubai, au bashi, kama wapagazi wanavyoita.

Jumanne. Usiku upepo umevuma. Tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020, mawimbi hayana adabu na sehemu ya kupakulia. Gunia la chini limelowa, maji meupe yanachuruzika pembeni. Kijana wa mizani ameandika "munyu" kwenye hati. Mama amekataa kutia sahihi.

"Baba, mimi nimeleta chumvi. Huo munyu ni wa nani?"

Ana haki, hati ndiyo mali yake. Lakini kuna mteja aliyedakia kwamba munyu si Kiswahili, na hilo sikubali: neno hilo limo hata katika kamusi za Kiswahili sanifu. Nimeandika yote mawili, akatia sahihi.

Mchana aliomba kisamvu, akajibiwa hakuna. Sombe ilikuwa inachemka jikoni, majani yaleyale ya muhogo. Amekula ugali na ndagala. Hizo alizitambua kwa macho.

Jumatano. Boti imeondoka. Gunia lililolowa limebaki kwangu.

Jumamosi. Kijana mpagazi aliyebeba magunia ya mama amekuja kudai ujira wake.

"Papa, mama alikubali kunilipa siku ya posho. Leo ni posho."

Nimempigia mama, yuko Baraka. Anasema kijana aliomba posho, naye akaahidi kumwongezea kitu akirudi, juu ya ujira. Sioni mwongo hapo. Kwetu posho ni Jumamosi, jina lililobaki tangu enzi za Wabelgiji, wafanyakazi walipokuwa wakigawiwa chakula siku hiyo. Kwao ni fedha anayopewa mtu juu ya mshahara. Kijana ana watoto, na soko halingoji boti irudi. Nimemlipa mimi, mama atanirudishia.

Sitamwambia mtu aache neno la nyumbani kwao. Ila kuanzia wiki ijayo kila hati itakayotoka mezani kwangu itakuwa na tarehe kwa tarakimu, na jina la mzigo kwa maneno ya pande zote mbili. Wenye boti, nanyi mnapopiga simu Kigoma, tajeni tarehe.