Namna ya Kulivika Gari Lisiloenda Porini

Masharti ni mawili: gari liwe la kupanda milima, na wewe uwe mkazi wa Sinza. Land Cruiser mkonga ndilo la wakubwa, lakini hata Hilux ya mkopo inatosha. Toyota wanaunda Land Cruiser za mfululizo wa 70 tangu 1984, nazo zimevuka majangwa na vita kadhaa. Mahitaji ya foleni ya Ubungo hawakuyafikiria. Kazi ya kuwasahihisha ni yako.

Nenda Gerezani Jumamosi asubuhi. Usiseme unatafuta nini, egesha tu. Kabla hujazima injini umeshakuwa tajiri. "Tajiri, chuma kikali hiki, ila umekiacha uchi." Ukiona aibu, mambo yanakwenda vizuri.

Anza na mkonga. Kazi yake, kwa wanaojali hayo, ni kuvuta hewa kutoka usawa wa paa ili ukivuka mto injini isinywe maji. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyakuta kwenye silinda, konrodi inapinda na safari imekwisha. Kwa hiyo bomba sharti liungwe mpaka kwenye kasha la ea klina, na kila kiungo kizibwe. Usumbufu huo wa nini? Fundi anayo njia ya mkato: skrubu nne ubavuni, na kwa ndani bomba halifiki kokote. Kubali. Msimbazi ukifurika na njia ya Jangwani ikafungwa, utakaa foleni moja na IST na bajaji, lakini mwenye mkonga ni wewe.

Kisha ngao, ya chuma kizito, ya aina wanayofunga Waaustralia kwa ajili ya kangaruu. Siku kangaruu wa kwanza atakapokatiza Mwenge, wenzako wataumbuka. Ndani ya ngao funga winchi ya pauni 12,000, yaani yenye uwezo wa kuvuta zaidi ya tani 5. Ina udhaifu mdogo tu: inataka kitu cha kushikia. Porini huwa ni mti. Mjini ni nguzo ya umeme, na ukishaifunga pale, watakaokuvuta ni polisi.

Kwa uzito huo pua ya gari itainama kama ya mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Dawa ni kununua tena: springi ngumu, shokapu ndefu, gari linyanyuliwe inchi 2. Bushi zitaanza kulia, kiuno chako kitaitikia. Mama mkwe akisimama mlangoni akitafuta pa kukanyaga, mpe shikamoo ya pili, umletee kigoda. "Gari la kazi hili, mama."

Matairi yawe na meno makubwa, yanayonguruma kwenye lami mpaka redio isisikike. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 285/70R17, tairi linakua kwa karibu asilimia 7, na mshale wa mwendo haujaambiwa. Kama ulikuwa mkweli, sasa unasoma 50 wakati gari liko 53 na ushee. Trafiki mwenye tochi, pale chini ya mwembe, anasoma cha kwake. Ile faini ya 30,000 iandike kwenye bei ya matairi.

Keria, hema la juu ya paa, madumu mawili matupu: funga vyote, hakuna atakayeuliza. Koleo lisiguse udongo, rangi itachubuka.

Siku ya picha vuka kivuko uende ufukweni Kigamboni, uingie mchangani kwa kishindo. Utazama hatua kumi tu kutoka kwenye lami. Winchi haitakuwa na mti, na madumu hayatakuwa na mafuta. Kijana muuza madafu atakuja taratibu, atachuchumaa na kuchukua njiti. Atatoa upepo kila tairi mpaka libonyee, ubaki kwenye psi 18 hivi, kisha aseme, "Washa, bro, toka polepole." Litatoka.

Mlipe, ununue na dafu. Ukifika nyumbani tafuta bei ya vifaa vya kutolea upepo. Vipo: vinne, vya shaba, ndani ya kimkoba cha ngozi.