Bendera Aliyoifua Bibi Jiki

Mwenzangu uliyejaliwa kuishi na mama mkwe, binti anayejua sheria kuliko mahakama na shemeji anayeingia bila kupiga simu, wewe utanielewa mapema kuliko wengine. Nyumba yetu iko kitongojini, nje kidogo ya jiji la Dallas, Texas, lakini kwa makelele yake ungedhani uko Ngamiani, Tanga. Mwenye kauli humo ndani ni mke wangu, ambaye tumezoea kumwita Spika, maana hakuna anayesema kabla hajampa nafasi. Zuhura ndiye binti mwenyewe, ana miaka 17. Mdogo wake tunamwita Redio: jambo likitokea sebuleni, majirani wanalo kabla chai haijapoa.

Halafu yupo Bibi. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kukaa na bintiye, na tangu afike hakuna kitambaa kilichosalimika. Mapazia kafua, vitambaa vya makochi kafua, mswala wangu nao umefuliwa ungali safi. Wajukuu wakambatiza Bibi Jiki, naye jina kalipokea kwa furaha na analiitikia. Shati langu la kazini lilipotoka kwenye kamba na baka jeupe begani, nilimwambia asante mama, Mungu akuzidishie. Mkwe hakaripiwi.

Bendera ililetwa na shemeji, kaka yake Spika. Huyu tunamwita Mjomba Katiba, na jina hilo kalitolea jasho. Alipokuwa akijiandaa na mtihani wa uraia alikuja kwetu kila akitoka zamu ya usiku ghalani, anakaa jikoni na karatasi za yale maswali 100, Spika anasukuma chapati huku akimuuliza: Bunge lina mabaraza mangapi? Maseneta wangapi? Mpaka Redio, aliyekuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu, akawa anajibu yeye. Siku ya kula kiapo Katiba alilia mbele za watu, na mimi niliyeketi nyuma nikalia pia, kwa sababu nilijua alikotoka na alivyohangaika. Walimpa kibendera cha mkononi. Haukupita muda akanunua kubwa mbili, moja akatundika kwake, moja akaja nayo kwetu na mlingoti na bisibisi, akaifunga barazani. Spika hakukataa, maana ni kaka yake. Mimi na Spika tuna kadi za ukaazi tu. Watoto ndio raia, wamezaliwa hapa Dallas.

Sasa Jumamosi moja Bibi katoka barazani na kahawa yake, kainua macho, kaona bendera ina vumbi la barabarani na ndege wameifanyia yao. Hakupendezwa. Ukitaka kumwelewa Bibi, kumbuka amekulia mji ambao bendera ikishushwa jioni kituo cha polisi, filimbi ikapulizwa, kila mtu anasimama: mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo kichwani anatulia nayo hapo hapo mpaka kitambaa kimefika chini na kukunjwa. Kwake bendera chafu ni fedheha ya nyumba. Akaifungua vibanio viwili, akaifua kwa mkono kwenye beseni, sabuni ya kipande, maji ya vuguvugu. Jiki hakutia, na hili alilisisitiza baadaye kwa kiapo. Akaikamua taratibu, akairudisha mlingotini ikiwa mbichi. Ila macho yale mawili ya chuma yanafanana, na kile kipande cha buluu chenye nyota 50 kikaangukia chini, ile mistari myekundu na myeupe ikapanda juu. Bibi akaitazama, akaridhika, akaingia ndani kukaanga kaimati.

Katiba ndiye aliyefika wa kwanza kuiona. Hakupiga hodi. Alipita sebuleni moja kwa moja mpaka mlango wa Zuhura.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana hakumshuku bure. Shule za serikali za Texas kila asubuhi wanafunzi husimama wakatoa kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani, kisha kingine kwa bendera ya jimbo la Texas lenyewe, kisha dakika moja ya kimya. Mwanafunzi asiyetaka kuapa anahitaji barua ya mzazi. Zuhura aliileta barua hiyo nyumbani, imeandikwa tayari, inangoja sahihi. Baba wa rafiki yake, mtu ninayemfahamu kwa salamu na wema wake, alikamatwa na maofisa wa uhamiaji akiwa njiani kwenda kazini, na familia ikakaa bila kujua yuko wapi. Zuhura akasema hatasimama kuapa maneno ya haki kwa wote huku rafiki yake analia chooni. Barua ilikaa mlangoni pa friji chini ya sumaku, na Katiba, ambaye friji yetu anaifungua zaidi ya mwenye nyumba, alikuwa kaisoma.

Basi Zuhura akatoka, akaitazama bendera barazani, akasema, "Mjomba, sikuigeuza mimi. Lakini kwa kuwa imeshageuka, iacheni."

Nyumba ikawaka. Katiba alisema ile ndiyo inayofunika jeneza la askari. Alisema yeye ameapa mbele yake na hakuna mtoto wa dada yake atakayeichezea. Kisha akalisema lililonikaza tumbo: kwamba Agosti 2025 Rais Trump alitia sahihi amri ya kuwaandama wanaoivunjia heshima bendera, na kwa wageni amri ile inataja kufutiwa viza, vibali vya ukaazi na hata kuondolewa nchini pale sheria inaporuhusu. "Wewe raia," akamwambia Zuhura, "utabaki. Baba yako na mama yako je?"

Ndugu msomaji, hofu hiyo ninaijua vizuri. Nimelala nayo. Lakini nilipomwona mwanangu ananyamaza kwa sababu hiyo, si kwa sababu ameridhishwa na hoja, niliumia kuliko nilivyoumia kwa bendera. Heshima aliyokuwa nayo Bibi pale kituoni Tanga hakuipata kwa vitisho vya aina hii.

Zuhura hanyamazi sana, hata hivyo. Hilo karithi kwa Spika. Akaanza na jiji letu lenyewe. Agosti 1984, chama cha Republican kilikuwa na mkutano wake mkuu hapa Dallas wa kumteua tena Ronald Reagan. Waandamanaji wakatembea mjini, na mbele ya ukumbi wa jiji, lile jengo lililoinamia mbele ambalo Bibi anaogopa kupita chini yake, Gregory Lee Johnson akaimwagia bendera mafuta ya taa akaichoma. Hakuna aliyejeruhiwa. Mahakama ya Texas ikamhukumu kifungo cha mwaka 1 na faini ya dola 2,000. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 21 Juni 1989 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema hakupaswa kuadhibiwa, kwa kuwa alichofanya kilikuwa ni kusema, na katiba inalinda kusema. Mwaka huohuo Bunge likatunga sheria mpya ya kuilinda bendera; mwaka 1990 mahakama ileile ikaitupa. Wakajaribu kubadili katiba yenyewe, na mwaka 2006 kura ya Seneti ilikuwa 66, pungufu ya 1 tu.

"Na amri ya juzi," akamalizia, "haiwezi kuifuta hukumu."

Katiba naye si mtu wa kushindwa kwa tarehe. Akamkumbusha Jaji John Paul Stevens, aliyetumikia jeshi la majini katika Vita vya Pili vya Dunia na aliyekuwa miongoni mwa wale 4 waliopinga. "Yule naye hakujua katiba?" Hapo nikamsifu shemeji moyoni, kwa sababu ni kweli. Wanaoumia bendera inapochomwa si wajinga wala si wakatili, na anayetaka kuwajibu wenye uchungu huo kwa dharau hajafika popote.

Wakati haya yanaendelea Redio alikuwa ameshatoka kurusha matangazo. Nikasikia hatua barazani. Alikuwa jirani yetu mzee, aliyepigana Vietnam, anayetembea kwa mkongojo na kuning'iniza bendera yake kila alfajiri. Nilisimama nikijua yamekwisha. Mzee akavua kofia, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama tuko salama. Kuna mgonjwa? Kuna mtu ameingia ndani kwa nguvu? Kanuni za bendera ya Marekani zinasema isipeperushwe nyota zikiwa chini isipokuwa kama ishara ya dhiki kubwa, maisha au mali vikiwa hatarini. Mzee aliona dhiki akaja na mkongojo wake kusaidia.

Bibi akatoka jikoni na mwiko, Redio akamtafsiria. "Dhiki ya nini?" akasema. "Ilikuwa chafu, nimeifua."

Katiba akageuka. "Mama! Ni wewe?"

"Kwani mwingine nani anafua humu ndani?"

Hasira ikamtoka Katiba palepale. Akacheka, akamshika mama yake mabega, akaenda zake kuigeuza. Zuhura akamfuata hadi mlingotini, na alilomwuliza ndilo limenifanya niandike haya yote: "Mjomba, bendera ni ileile na imekaa vilevile. Mbona sasa haikuumi?"

Fikiria swali hilo, maana lina kiini cha kesi nzima. Sheria ya Texas aliyohukumiwa nayo Johnson iliadhibu kuitendea bendera kwa namna ambayo mtu anajua itawaudhi vikali wengine. Kuichoma peke yake si kosa. Bendera iliyochakaa kanuni zinapendekeza ichomwe kwa heshima, na vyama vya askari wastaafu hukusanya mbovu na kuziteketeza kwa gwaride. Moto ni uleule. Kinachobaki cha kuadhibiwa ni maana iliyo moyoni mwa aliyewasha. Ukimfunga, umemfunga kwa alichosema.

Spika akalipokea hapo, na yeye haendi mbali kutafuta mfano. "Mama," akasema, "ulipogombana na wifi yako hukumtukana. Ulivaa kanga, ukapita mlangoni kwake asubuhi na jioni. Nani alikufunga?" Bibi akasema wifi alinunua yake akajibu, na mwisho wa mwezi walikaa jamvi moja. Nguo ilisema, nguo ikajibu.

Hata Jaji William Brennan, aliyeiandika ile hukumu ya 1989, alielekea huko: anayechoma bendera mjibu kwa kupeperusha yako. Na alimtaja shahidi mmoja wa siku ile Dallas aliyekusanya mabaki yaliyoungua akayazika kwa heshima. Huyo ndiye ninayemtaka mwanangu amjue sawa na anavyomjua Johnson. Kwetu pia tumewahi kuipima hekima hii. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa, na taifa halikupungua kitu.

Mzee wa Vietnam alikubali kiti na sahani ya kaimati. Hakumficha Zuhura kwamba angemkuta ameigeuza kwa makusudi moyo ungemuuma, kwa sababu ya wenzake waliorudi ndani ya masanduku chini ya bendera hiyo. Kisha akamwuliza kilichomsibu. Zuhura akamweleza habari za baba wa rafiki yake. Mzee aliomba jina liandikwe kwenye karatasi, akasema Jumatatu atapiga simu ofisi ya mbunge wa eneo letu waulizie anashikiliwa wapi. Hakubadili msimamo wake hata kidogo, wala Zuhura wake. Laiti nchi nzima ingeweza kuuliza swali lile la kwanza la mzee barazani kabla ya kumwita askari.

Hukumu ya nyumbani ilitolewa na Spika jioni. Bendera ya barazani ni mali ya Katiba na mlingoti ni wake. Nyota zikae juu. Akaongeza kuwa Johnson alichoma bendera iliyong'olewa kwenye jengo la watu, na wizi au kuhatarisha watu kwa moto ni kosa la mtu yeyote, awe na hoja au asiwe nayo. Zuhura akitaka yake anunue kwa fedha yake ya kulea watoto, aitundike dirishani kwake anavyotaka. Nikataja kadi zetu za ukaazi. Spika akasema ameshafikiria, na barua ya shule ikashushwa kwenye friji ikawekwa mbele yangu na kalamu. Nikatia sahihi. Kura ya Redio ilihesabiwa pia, upande wao.

Kwa hiyo sasa ukipita kwetu utaona bendera mbili, ya barazani imesimama na ya dirishani imepinduka. Katiba anapofika huitazama ile ya dirishani, anakunja uso, na kabla ya kukaa anauliza yule baba kaonekana? Juzi Zuhura akamjibu kwamba ndiyo, wamempata, yuko kizuizini mji mwingine anangoja hakimu, na mzee jirani bado anapiga simu. Katiba akamshukuru Mungu, akavuta kiti, wakaanza upya na Jaji Stevens, sauti juu, mpaka Spika akawaambia waondoe viwiko mezani sahani zipite.