Marehemu Hakosi Mgao

Marekani kuna wakulima hodari: wanakufa na bado wanalipwa. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walibaini kuwa kati ya 1999 na 2005 Wizara ya Kilimo ilitoa ruzuku ya dola bilioni 1.1 kwa majina ya marehemu 172,801. Asilimia 40 ya fedha hizo zilikwenda kwa waliofariki miaka 3 au zaidi nyuma. (Tusiwaonee: baadhi ya malipo yalikuwa halali, kwani mirathi hupewa muda wa kufungwa. Kumbe hata kwao mirathi huchukua muda!)

Mwaka uliofuata ikapita sheria mpya ya kilimo. Mtu angedhani sasa daftari litafunuliwa. Thubutu! Kifungu cha 1619 kikaikataza wizara kutoa habari alizoiandikia mkulima kuhusu shamba na kilimo chake. Malipo, ruksa kuyataja. Basi mlipa kodi ataambiwa fulani kachukua dola ngapi; mengine ya shambani ni faragha ya mtu na udongo wake. Na kwa udongo, tukubali, marehemu ndio wenye uzoefu.