Kulungu Hana Mwenyewe

Thamani ya gari langu na bei ya bima yake zilipishana zamani, moja ikiteremka, nyingine ikipanda, na hazijasalimiana tangu siku hiyo. Hapa Michigan hilo halimshangazi mtu. Ndilo jimbo lililofundisha dunia kuunda magari kwa wingi na kwa bei ya kumwezesha mfanyakazi wa kiwandani kununua, kisha likakaa miaka na miaka kwenye safu ya mbele ya majimbo ya Marekani yenye bima ghali. Gari utalipata. Kulitia barabarani bila kukamatwa ndiyo shughuli.

Nyumbani Tanga habari ya bima tuliimaliza kwa mambo mawili: bima ndogo na bima kubwa. Ulilipa, ukabandika stika kwenye kioo, trafiki akaichungulia, akakosa la kusema, akahamia kwenye matairi. Huku Grand Rapids, wakala wa kwanza niliyempigia simu alinihoji maswali ambayo baba mkwe hakuyauliza nilipokwenda kuposa. Gari linalala wapi? Kazini ni maili ngapi? Nani mwingine anaishi humo ndani mwenye leseni? Una historia gani ya mikopo?

Hapo kwenye mikopo nikakaa vizuri kwenye kiti, maana niliona pa kung'aria. Nikamjibu kwa fahari kwamba sidaiwi na mtu, na kwamba hata dukani kwa Mangi sikuwahi kuandikwa kwenye daftari. Kimya. Nikasikia vidole vikigonga kompyuta, kisha bei ikapanda.

Nchi hii mtu asiye na deni hana mdhamini. Mwaka 2019 Michigan ilipitisha mageuzi ya sheria ya bima, ikazikataza kampuni kupanga bei kwa kutazama jinsia yako, ndoa yako, elimu yako, kazi yako, kama nyumba ni yako au umepanga, msimbo wa posta, na alama ya mikopo. Ukiisoma orodha hiyo unataka kusimama upige makofi. Endelea kusoma. Msimbo wa posta marufuku, ila kugawa jimbo kwa maeneo ruksa. Alama ya mikopo marufuku, ila alama ya bima, ambayo hupigiwa hesabu kutoka kwenye historia hiyohiyo ya mikopo, ruksa. Ni yuleyule aliyefukuzwa mlangoni, karudi kupitia dirishani amevaa kofia.

Rafiki yangu mmoja aliishi Detroit, hatua chache kusini mwa barabara ya 8 Mile, ambayo ndiyo mpaka wa jiji. Akahamia ng'ambo ya barabara hiyohiyo. Gari lilelile, dereva yuleyule, honi ileile mbovu, na bima ikashuka. Hakuna aliyemuuliza kama amejifunza kuendesha vizuri zaidi njiani.

Ndipo nikaenda kwa shemeji, mume wa dada yangu. Kila wanapokaa Waswahili ughaibuni yupo mtu wa namna yake: hajasomea sheria wala udaktari, lakini huwezi kuumwa wala kushtakiwa bila kupita kwake kwanza. Akanikaribisha chai, akauchukua mkataba wangu, akavaa miwani.

“Shemeji,” akaniambia, “wewe unalipa tu. Unajua unalipia nini?”

Akanieleza. Kwa sheria ya Michigan iliyoanza kazi mwaka 1973, ukiumia ajalini bima yako mwenyewe ndiyo inayokutibu, awe amekosa nani. Miaka karibu hamsini tiba hiyo haikuwa na kikomo, ni ya maisha, na kila mwenye gari alilazimika kuilipia. Ndipo penye mzizi wa ughali. Tangu Julai 2020 unachagua: bila kikomo, au dola 500,000, au 250,000, na kwa walio kwenye Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hata 50,000.

“Basi tushuke kabisa,” nikasema.

“Hapo usiguse mpaka ujue bima yako ya afya inalipa nini. Hospitali za huku zinakutibu mguu, halafu bili inakuvunja mwingine.” Akageuza ukurasa. “Hapa ndipo pa kukata. Hii ni ya kutengeneza gari lako ukigonga kitu. Gari lenyewe hilo nje? Likigonga mti, hasara ni ya mti.”

Na mti wa watu, akaongeza, una kifungu chake, kinacholipa mali za wengine ndani ya jimbo hadi dola milioni moja. Kwa hiyo tukaikata ile ya kugonga. Ila hii nyingine, akaniambia huku akiipigia mstari kwa kalamu, hii ya wizi, moto, mawe ya barafu na wanyama, hii iache, kwa sababu ya kulungu.

Michigan ina kulungu kupita kiasi. Kila mwaka hugongana na magari mara elfu hamsini na zaidi, na Novemba, msimu wao wa mapenzi, ndio hawaangalii kabisa barabara. Sasa sikia kifungu. Ukimgonga kulungu, hiyo ni ajali ya mnyama, bima inalipa. Ukimkwepa ukagonga mti, hiyo ni ajali ya mti, na ya mti ndiyo tuliyoikata. “Kwa hiyo shemeji, ukimwona, kanyaga breki, shika usukani sawasawa, mengine mwachie Mungu.” Hata serikali ya jimbo inawashauri madereva hivyo: usimkwepe.

Kwa mtu wa kwetu ushauri huo ni mgumu. Sisi tumelelewa kukwepa. Mbuzi aliyegongwa barabarani, iwe Korogwe au Handeni, lazima awe na mimba, tena ya mapacha. Ndiye aliyekuwa akisomesha watoto. Na mwenyewe hutokea kabla vumbi halijatulia, akiwa na mashahidi.

Shemeji alinipeleka pia kwa wakala huru, anayeuza bima za kampuni nyingi, na kwa mahitaji yaleyale bei zilikuja za chini na za juu zisizofanana hata kidogo. Tukachukua ya chini, yenye punguzo zaidi ukikubali kuweka kwenye simu programu inayopima unavyoendesha. Nikaendesha kwa adabu. Kisha Jumamosi moja shemeji akatupa lifti kwenda harusini Lansing. Shemeji aliwahi kuendesha daladala za Gongo la Mboto, na mguu wake haujasahau. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, kiti cha nyuma, ikirekodi kila breki. Jumapili asubuhi programu ikaniandikia kwamba ina wasiwasi na mimi.

Kulungu alikuja Novemba, wakati wa magharibi, mimi na mke wangu tukiwa kwenye barabara ya M-37. Alitoka kwenye mahindi makavu upande wa kushoto, akasimama katikati, akatutazama. Mikono yangu yote miwili ilitaka kukwepa. Nikakanyaga breki, nikashika usukani sawasawa. Kishindo. Taa ya kushoto ikazimika, boneti ikainuka, maji ya rejeta yakaanza kulia chini ya gari.

Nikashuka, nikasimama kando ya barabara nikitazama huku na huku.

“Baba Salma, unamtafuta nani?” mke wangu akauliza.

“Mwenyewe.”

Hakuja mtu. Akaja askari wa kaunti, akaandika ripoti yake, akaniuliza kwa upole kama nitamchukua. Kumbe sheria ya Michigan inampa dereva haki ya kwanza ya nyama, kwa kibali. Nikamshukuru, hakuchinjwa, kwetu huyo ni nyamafu. Nikampigia jirani yetu, mtu wa Uvira, na sijawahi kuona pikapu ikifika popote kwa haraka ile. Kisha nikampigia shemeji.

“Mlikwepa?”

“Hatukukwepa.”

“Alhamdulillahi,” akasema, ndipo akauliza kama tumeumia.

Mkaguzi wa bima alitaka picha, hasa za manyoya, maana wapo wanaogonga uzio wa jirani wakamsingizia mnyama. Lakini mke wangu hawezi kulala na gari chafu uani. Alikuwa ameliosha alfajiri kwa sabuni, na amelikausha kwa kitambaa. Nikapiga magoti mbele ya bampa na tochi ya simu hadi nikakipata kishungi cha kahawia kilichonasa kwenye ufa wa taa. Nikakipiga picha pande zote, kwa heshima zaidi ya ile tuliyompa bibi harusi wa Lansing. Dola 500 za kwanza zikawa zangu, kama mkataba ulivyosema, nyingine wakalipa wao.

Basi kwa mara ya kwanza nikaona nimeiweza bima ya Michigan. Furaha hiyo ilidumu mpaka Salma aliponijulisha mezani kwamba ametimiza miaka 14 na miezi 9, umri ambao jimbo hili linamruhusu mtoto kuanza kujifunza gari mzazi akiwa pembeni. Akifika 16 akapata leseni, ataingia kwenye mkataba wangu, na hakuna kitu kinachopandisha bima kama jina la kijana wa 16. Nikakimbilia kwa shemeji. Akavaa miwani, akapekua, akaniambia ipo nafuu moja: mwanafunzi mwenye alama nzuri hupunguziwa.

Tangu hapo nimekuwa baba wa kupigiwa mfano. Nahudhuria kila mkutano wa wazazi, nakagua madaftari, nimemtafutia na mwalimu wa ziada wa aljebra. Mwalimu mkuu amenisifu mbele ya watu kwa mapenzi yangu ya elimu, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikipiga hesabu.