Taa Hujanunua, Vifaranga wa Nini?

Mfyuu! Mwingine tena huyo. Kapita na bodaboda, boksi la vifaranga kalipakata, anauliza nani ana taa ya kumwazima. Vifaranga wapo mkononi ndiyo anatafuta taa! Jamani, hapa kijiweni hesabu za kuku tumezipiga sana: mtetea, mayai, vifaranga, pesa. Hesabu hizo zinaniuma, maana kwenye karatasi kuku hafi, na mtu anatoa akiba yake ya mwaka mzima kwa kuamini karatasi.

Tuongee basi. Kifaranga ndiye anunuliwe mwisho. Banda kwanza. Kwa kuku wakubwa, mita moja ya mraba inatosha wanne, wakizidi sana watano. Ukiwabana wanadonoana, na mmoja akitoka damu wenzake wote wanamwandama pale pale penye kidonda. Ukuta usiupandishe mpaka juu ukawanyima hewa; ishia futi mbili tatu, juu weka waya wa matundu madogo, kicheche asipenye. Sakafuni maranda makavu au pumba za mpunga. Yakilowa, toa siku hiyo hiyo. Unyevu huo ndio unaoleta kuhara damu, halafu watu wanaanza kumtazama jirani vibaya.

Sasa tuje kwa hao wadogo. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu, hayamkingi na baridi, na mama yake hayupo. Mama ni wewe. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya ya kweli. Wazungushie hadibodi iwe duara. Usiache kona, maana usiku wanarundikana humo na wa chini wanakosa pumzi. Kipimajoto huna? Chuchumaa uwatazame. Wakijikunyata chini ya taa wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa wameyalegeza, joto limezidi. Ukikuta wametawanyika, huyu anadonoa, yule kajinyoosha kalala, mlio wao wa chinichini, hapo umepatia. Kwa hiyo taa inawashwa mapema, boksi likifika chumba kiwe tayari na joto. Na nyie mnaotumia jiko la mkaa, nawaomba sana, acheni dirisha wazi. Hewa ya mkaa inaua vifaranga, na inamuua aliyelala chumba hicho.

Chakula nisiwachoshe: wapewe chakula cha vifaranga, si makombo ya ugali, na maji safi kila wakati.

Ninalotaka kulisema kwa nguvu ni mdondo, wengine mnauita kideri. Ukiingia mtaani, kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda limekwisha. Hauna tiba! Mwarobaini hautibu, pilipili haitibu, shubiri haitibu. Kinga yake ni chanjo. Naona kaka pale ananikatiza, eti bibi yake alifuga miaka yote bila chanjo. Ni kweli kaka, alifuga. Lakini muulize, mdondo ukishapita alikuwa anabaki na wangapi? Wazee wetu walianza upya kila mara, na hakuna sababu ya sisi kuirithi hasara hiyo wakati chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Kibaha. Tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ila juani usiiweke.

Mtu ataniambia chupa moja ina dozi nyingi, yeye ana kuku kumi. Basi gonga mlango wa pili! Kuku wako na wa jirani wanachakura jalala moja. Wako akichanjwa na wa mwenzako asichanjwe, ugonjwa bado unao mlangoni. Changeni, mpange jioni moja, mzunguke nyumba kwa nyumba. Ugonjwa wa Gumboro nao una chanjo yake, huwa ya kunywa. Hiyo usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, dawa hiyo inaiua chanjo, unabaki umewanywesha maji matupu.

Na anayekuuzia vifaranga, muulize kabla hujatoa pesa: wametotolewa lini, na ugonjwa wa mahepe wamechanjwa? Chanjo ya mahepe huchomwa pale pale kwenye kituo cha kutotolea, siku ya kwanza. Wakishazoea banda lako umechelewa. Akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni. Wiki ijayo watatotolewa wengine, na wewe utakuwa umeshanunua taa.