Makutupora Ina Mwenyewe

Mkulima wa zabibu wa Makutupora ana madeni ya kutosha: dawa ya ubwiri, hela ya vibarua, ada za watoto. Sasa nasikia hata jina la hapa tunalitumia kwa hisani ya mtu.

Mpwa wangu ndiye aliyeyaanzisha. Alinunua mjini chupa ya mvinyo yenye lebo ya kung'aa, imeandikwa Makutupora kwa herufi za mikogo, akaja kunimiminia. Mimi mchuzi wa zabibu nimeukamua tangu ujana. Kilichokuwa kwenye ile glasi kilikuwa sukari, rangi na ujasiri wa muuzaji. Kijana akaipiga chupa picha, akaitupia Insta: "Makutupora gani hii?"

Jua halijazama, mwenye chupa akampigia simu. Salamu hakuna. Makutupora ni alama yake ya biashara, anwani ya mtandaoni yenye jina hilo kainunua yeye, picha ifutwe la sivyo mahakamani.

"Mjomba," kijana akaniambia, "kumbe tumepanga ndani ya chupa ya mtu!"

Hapa kuna kambi ya JKT, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, kuna visima vinavyoinywesha Dodoma miaka nenda miaka rudi. Ipo hata mbegu ya zabibu iitwayo Makutupora Red. Halafu ipo Makutupora nyingine kule Manyoni, mkoani Singida, ambayo ndiyo ya reli ya SGR itokayo Morogoro. Nasubiri siku bwana huyu atakapolipelekea treni hati ya madai.

Tuseme kweli amesajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 inampa miaka 7, kisha anahuisha kila miaka 10. Akivuka bahari tu, cheti hicho hakimsaidii, Zanzibar wana ofisi yao. Na alama yenyewe iliwekwa ili mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Sasa aliyeuziwa mbuzi ni nani kama si mpwa wangu? Kuitaja chupa ili kuilalamikia si kuuza chupa. Hata Disney, waliosajili "Hakuna Matata" kule Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana, watu wakawapigia kelele dunia nzima mwaka 2018, hawajawahi kumkataza mtu kulitamka. (Sisi wa huku bara hatulitamki sana. Tunawaachia watalii.)

Ya anwani ndiyo yananichosha zaidi. Kule anayewahi ndiye mwenyewe. Ukitaka kumng'oa aliyewahi anwani ya .com, unaweza kwenda WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, na lazima uwe na alama yako, uonyeshe kwamba anwani inafanana nayo, kwamba yeye hana haki nayo, na kwamba aliichukua na kuitumia kwa nia mbaya. Ada inaanzia dola 1,500. Kwa hela hiyo mimi nachimba shamba jipya na nguzo zake.

Ila kilichomkosesha kijana usingizi si alama. Ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: ukisambaza makusudi taarifa unazojua ni za uongo, faini si chini ya milioni 5 au jela si chini ya miaka 3, au vyote viwili. Nchi hii mtandao umeshampeleka mtu mahakamani Kisutu hata kwa mkia wa anwani. Desemba 2016, Maxence Melo na mwenzake wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums waliposhtakiwa, mojawapo ya makosa lilikuwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa .tz. Kijana anayajua hayo yote, lakini picha hajaifuta, na chupa ameifungia kabatini ikiwa na nusu yake, ndiyo ushahidi. Mke wangu amekwisha kuonywa asiitilie kwenye pilau.

Juzi mwenye chupa kapiga tena, safari hii kwangu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Eti dumu la mchuzi wa zabibu unauza shilingi ngapi? Naona watu wanalalamika kidogo."

Nikamtajia bei. Akauliza kama anaweza kuchukua madumu kwanza, anilipe akishauza, kwa kuwa sote ni watu wa Makutupora.

Nilimjibu kwa maneno ambayo nina hakika BRELA hawawezi kumsajilia.