Mfumo Umelala, Kijana Yu Macho

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, humwaga wataalamu wa kompyuta mtaani kila mwaka. Mmoja kapanga chumba Chang'ombe. Saa nane usiku simu inaita: mfumo umelala. Yeye bado.

Mwaka wa pili huu, kazi ya tatu. Mwajiri analalamika vijana hawatulii. Mshahara nao umetulia tuli tangu siku ya usaili.

Nairobi nako hakukuwa na nafuu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa vijana waliochambua maandishi ya kutisha ili ChatGPT ijifunze adabu walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mashine imestaarabika. Waliyoyasoma wamebaki nayo wenyewe.

Chang'ombe, bosi kaleta dawa ya msongo: semina, Jumamosi, saa moja asubuhi. Atakayechelewa ataandika barua ya kujieleza.